Tairi la Tatu

Novemba 4
Nimepaa angani miaka thelathini na minane na sijavunja ndege hata moja. Nani mwingine hapa mjini Trinidad anaweza kuandika hivyo bila kalamu kumsuta?

Haya, na yangu inanisuta. Kapteni amesema daftari hili atalisoma mwisho wa msimu, na yeye ananijua, basi bora niseme ukweli mapema. Usukani wa ndege sijaugusa. Nilikuwa mpakiaji. Ng'ombe anachinjwa kule ranchini alfajiri, mimi napanga mapande ndani ya ndege, kisha nakalia paja la ng'ombe hadi mjini kwa sababu viti viling'olewa kupisha nyama. Ndege mbili zilivunjika nikiwa ndani, lakini hizo walizivunja wengine.

Niliyempakilia muda mrefu kuliko wote ni marehemu Kapteni Saúl Arteaga. Kila mwisho wa mwaka aliniambia, "Plácido, mwakani nakufundisha." Akasema hivyo hadi figo zikamlaza na hakuamka. Sasa binti yake Nirvia ana shule ya urubani pale Loma Chica: ndege moja, hanga moja la mabati, kiwanja kimoja cha majani. Nilimwendea nikamwambia baba yake aliniahidi. Akaniangalia kama anayetafuta kutu.

"Ahadi za baba sizijui," akasema. "Lakini ukiosha ndege kila Jumamosi na kufagia hanga, nitakufundisha. Na uandike daftari kama wanafunzi wote. Una miaka mingapi?"

"Sitini."

"Babu."

"Na tisa."

Novemba 7
Daktari Leigue wa macho. "Mzee Muiba, nisomee mstari wa chini."

"Upi?"

"Wa chini kabisa."

"Nakuuliza upi kwa sababu naona mitatu."

Hakucheka. Watu wa macho hawachekagi. Jicho langu la kushoto lina ukungu, na ukungu unazidi. Amenipa cheti cha afya hadi tarehe thelathini na moja Machi. "Kikiisha, sidhani nitakupa kingine."

"Na mimi sidhani nitakuja kukiomba," nikamwambia. Uongo mtupu.

Basi hesabu yangu ni nyepesi. Kabla ya Machi kuisha nataka nipae mara moja, peke yangu, bila mtu pembeni. Leseni nzima siitaki, leseni ni ya wenye macho mawili. Lakini mtu ambaye hajaruka peke yake ni mzigo tu, na mizigo mimi naijua.

Dada yangu Petrona, ninayeishi kwake, amesikia habari. "Kaka, wenzako wa rika lako wanajifunza kufa."

"Hilo halihitaji mwalimu."

Novemba 12
Nimeshika usukani. Niliushika kama pembe za fahali. Kapteni akanipiga rula vidoleni. "Vidole viwili, Babu. Ndege inajua kuruka. Wewe usiisumbue tu."

Mkali huyu binti. Baba yake alikuwa anaruka na chupa katikati ya magoti, akiimba.

Novemba 13
Nimefagia hanga.

Novemba 21
Mvua ya kwanza ya maana. Tumekaa hangani kufundishwa uzito. Tuko wanafunzi wawili. Mwenzangu ni Osvaldo Ribera, mwenye ranchi, mnene, ana miaka arobaini na tano na buti za bei. Anataka leseni ili asitegemee marubani wa watu. Anaongea na mimi kama anaongea na lango.

Kapteni akaandika ubaoni namna ya kukokotoa uzito na mahali unapokaa: mbele kiasi gani, nyuma kiasi gani. Osvaldo akatoa simu kupiga hesabu. Mimi nikamwangalia Kapteni juu hadi chini. "Wewe kilo sabini na nne."

"Sabini na mbili."

"Asubuhi umekula masaco, na ndizi za kuponda na nyama ni nzito."

Wakaleta mizani ya nyama. Sabini na nne. Osvaldo nilimwambia mia na kumi na moja. Akakataa kupanda mizani. Kapteni alitaka kucheka, akakohoa badala yake. Hapa kwetu mpakiaji hapimi. Anainua pande, analichezesha kidogo mkononi, anajua. Rubani anamuuliza kwa kichwa, naye anajibu kwa kichwa, injini inawashwa. Sijawahi kuruhusu ndege iondoke upande mmoja mzito na mwingine mtupu. Hilo liandikwe juu ya kaburi langu, kama Petrona atakubali kulilipia.

Desemba 3
Leo nimeaibika. Kabla ya kuwasha injini lazima usome kadi ya ukaguzi, mstari kwa mstari, na kugusa kila kitu unachokitaja. Mimi shule nilikaa miaka mitatu kwa masista, na mwaka mmoja kati ya hiyo nilisimamishwa kona kwa adhabu. Kusoma kunanichosha. Kwa hiyo kadi nimeikariri yote, nikawa naitiririsha kama rozari huku nikiitazama kwa heshima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Kapteni."

"Soma mstari wa kwanza."

Nikasoma. Ilikuwa kadi ya bei za saluni ya shangazi yake. Nilikuwa nimekagua ndege kwa bei ya kunyoa na kupaka rangi. Tena alikuwa amefunga bomba la mafuta kwa siri, na mimi nikaapa kwamba liko wazi.

"Kwa bomba hilo," akasema, "tungefika hadi kwenye ule mti. Soma, Babu. Usinikaririe." Kisha akashuka, somo limekwisha.

Nilimchukia hadi wakati wa chakula cha mchana.

Desemba 4
Petrona ananisomesha maandishi ya pakiti ya unga. Ninasoma kwa sauti, yeye anasahihisha kwa mwiko.

Desemba 19
Mvua. Kila asubuhi Kapteni anatembea kiwanja kizima peke yake, na kila baada ya hatua kumi anakandamiza kisigino ardhini. Kikizama, haruki mtu. Baba yake alifanya vivyo hivyo, hata akiwa na hangova. Leo kimezama.

Desemba 24
Hakuna kuruka. Masaco mengi.

Januari 18
Osvaldo ameruka peke yake.

Nilitaka kuandika kwamba aliruka vibaya. Aliruka vizuri. Lakini kabla ya kupanda nilimkuta nyuma ya hanga anatapika, ameshika ukuta, buti zake za bei zimechafuka. Akaniona. "Mzee, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Wanaonisikiliza wote ni ng'ombe wafu."

Akacheka, akajifuta, akaenda. Kapteni alishuka kutoka kiti cha kulia, akafunga mlango, akapiga bodi ya ndege makofi mawili, akaondoka bila kutazama nyuma. Ndiyo desturi. Ndege ikaondoka na Osvaldo peke yake ndani.

Pembeni mwa kiwanja kuna matairi yaliyopakwa chokaa, moja kila mita hamsini. Tukiwa wawili ndani, ndege inaachana na ardhi kwenye tairi la tano. Kapteni alikwenda kukaa juu ya tairi la tatu. Sikuelewa kwa nini. Osvaldo ni mzito, ikanyanyuka kwenye la nne.

Aliporudi tukambatiza. Hili nalo ni la lazima: rubani akishuka kutoka safari yake ya kwanza ya peke yake, anamwagiwa ndoo ya oili chafu iliyotoka kwenye injini, kisha unga, kisha mayai kama yapo. Ndiyo sababu anavaa shati jeupe, ili ionekane. Mwagaji wa kwanza ni mwalimu. Osvaldo alisimama anatiririka weusi, machozi yanachimba njia mbili mashavuni, anasema, "Mama yangu angeniona! Mama yangu angeniona!"

Sikutegemea kumpenda mtu huyu. Imenikera kidogo.

Februari 2
Nimetua mara tano. Kapteni anasema nimetua mara moja, nne zilikuwa za kudunda.

Februari 3
Mara nne.

Februari 9
Upepo wa kusini. Baridi, na Petrona amevaa soksi kichwani. Hatukuruka.

Februari 20
Mara mbili, na ya pili ilikuwa ndogo. Nikamuuliza Kapteni kwa nini hanisifu kama baba yake alivyokuwa akinisifu.

"Baba alikuwa anakusifu umepakia vizuri," akasema. "Na kila mwaka anakuambia mwakani. Mimi nakuambia umedunda."

Nimelifikiria hili njia nzima hadi nyumbani.

Machi 1
Zimebaki siku thelathini. Kwa jicho la kushoto taa ya jikoni ina manyoya.

Machi 11
Nimetua mara tatu, na kila mara nimegusa chini mara moja tu. Kapteni akazima injini. "Kesho, upepo ukitulia, nitashuka."

"Ushuke wapi?"

"Kwenye ndege, Babu. Utaenda peke yako."

Nikamwambia asante. Kisha nikaenda kumtafuta Osvaldo.

Machi 12
Hapa naomba Kapteni aruke ukurasa. Najua hataruka.

Nilivaa shati jeupe nililovaa kumzika Kapteni Saúl. Tukazunguka kiwanja mara mbili, tukatua salama. Akafungua mlango wa kulia, akashuka, akapiga bodi makofi mawili. Nikageuka kutazama kile kiti. Mkanda umelala juu yake kama nyoka aliyekanyagwa.

Ndege ilikuwa imeinamia upande wangu. Kidogo tu. Hakuna mtu mwingine angeona. Mimi naona.

Nikaiendesha polepole hadi mwisho wa kiwanja, nyuma ya miti, ambako Kapteni haoni. Nikazima injini. Osvaldo alikuwa ananisubiri na mkokoteni, na ndani ya mkokoteni mguu mzima wa nyuma wa ng'ombe, pamoja na nyonga, mbichi, umechinjwa alfajiri.

"Kilo sabini na nne?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye uliyeuchagua, mzee. Nakuambia tena: huu ni wazimu."

"Inua."

Tukauketisha kwenye kiti cha kulia. Nikaufunga mkanda. Ndege ikakaa sawa, na mimi nikapumua. Nikasoma kadi, nikaisoma kweli, mstari kwa mstari, nikawasha, nikaenda.

Nilipaa. Nikazunguka. Nikatua bila kudunda. Nilikuwa tayari nimefumba jicho moja kungojea oili, nikaona Kapteni anakuja bila ndoo. Na mbwa wote wanne wa Loma Chica wanakuja mbele yake.

"Nani amekaa kulia?"

"Hakuna mtu, Kapteni."

"Umenyanyuka tairi la tano. Peke yako ungenyanyuka la tatu. Nani amekaa kulia?"

"Kweli tupu, hakuna mtu."

Akafungua mlango. Mguu ule ukamtazama, mkanda umeukaza kiunoni kwa adabu. Mbwa mmoja akaruka ndani.

Nimewahi kumwona baba yake amekasirika. Alikuwa akivunja vitu. Binti anashusha sauti. "Mwanafunzi anayeruka peke yake habebi mtu wala mzigo. Hata mkate. Hilo si la kwangu, ni sheria. Na mzigo ule ungeteleza ukalalia usukani, leo ningekuwa nakukusanya kwa koleo. Unajua hilo?"

Nilijua. Nimeona mwaka mmoja pande likiteleza.

"Mbona ulifanya?"

"Ndege ilikuwa imeinama."

"Ndege haikuinama. Unaogopa."

"Kapteni, baba yako angenielewa."

"Baba yangu angekuchapa kofi."

"Ndiyo. Kisha angenielewa."

Akachukua daftari langu la saa za kuruka, lile rasmi, akaliweka mbele yangu. Mstari wa leo ukabaki mtupu. "Umeruka na abiria," akasema. "Ni mkimya tu."

Shati lina damu ya ng'ombe kifuani kote. Petrona alipiga kelele mpaka jirani akaja. Mguu tuliula sote jioni kwa Osvaldo, na hata mwenyeji mwenyewe alitafuna bila kuniangalia.

Machi 13
Mvua.

Machi 14
Mvua. Kisigino kimezama hadi kifundo.

Machi 15
Mvua.

Machi 17
Mvua. Maji yameingia hangani. Tumepandisha ndege juu ya magogo. Nimemwomba Kapteni tujaribu tu, kiwanja upande wa juu kinaonekana kizuri.

"Kisigino, Babu."

"Mimi ni kilo sitini na moja. Ndege haitanisikia."

"Kisigino."

Machi 20
Bwawa limeungana na kiwanja. Tairi la saba linaelea. Pipa la oili chafu limeondoka na maji, Osvaldo ameliona likielekea kwa wavuvi. Alinikuta nimekaa juu ya ndoo natazama. Akavuta ndoo nyingine, akakaa. Mtu mwenye ng'ombe elfu mbili, amekaa juu ya ndoo.

Machi 22
Nimeamua kuandika jambo ambalo sikutaka. Binti yule alisema kweli. Miaka thelathini na minane nimejiambia kwamba mimi ndiye ninayeiweka ndege sawa. Kila rubani alinitazama, nikatikisa kichwa, wakaenda. Kiti kitupu kinamaanisha hakuna wa kumtikisia kichwa. Ni hilo tu. Halina ukubwa wowote, ila linatosha mtu kufunga nyama mkanda.

Machi 24
Mvua. Kisigino kimezama.

Machi 26
Mawingu bila mvua. Kimezama.

Machi 28
Jua. Kimezama, lakini kilitoka bila kunyonywa.

Machi 29
Jua, na upepo mkavu. Kapteni alitembea kiwanja mara mbili. Mara ya pili nilimfuata nyuma, nikiweka kisigino changu pale alipoweka chake. Alijua niko nyuma. Hakugeuka. Mwishoni akasema, "Kesho asubuhi. Bila nyama."

"Bila nyama."

"Hata kwenye mfuko."

Machi 30
Petrona aliifua ile damu kwa limau na majivu. Shati limebaki jeupe, ukiwa mbali. Akanifunga vifungo mwenyewe kama nilikuwa maiti au bwana harusi. "Ukifa," akasema, "usinitegemee nilie."

"Ukilia nitajua umelipwa."

Osvaldo alikuwapo, mikono ameiinua juu tangu langoni kuonyesha kwamba hana kitu.

Mizunguko miwili na Kapteni. Akashuka. Akauvuta ule mkanda wake, akaufunga juu ya kiti kitupu, akaukaza. Makofi mawili kwenye bodi. Akaondoka bila kutazama nyuma, akaenda kukaa juu ya tairi la tatu.

Ndege ilikuwa imeinama. Nikaiacha iiname.

Nikasoma kadi. Mafuta, wazi. Nilishika bomba kwa mkono, nikausoma mstari tena. Kisha nikasukuma gesi hadi mwisho.

Tairi la kwanza. Tairi la pili. Kwenye la tatu nilimwona Kapteni kwa jicho la kulia, amekaa, mikono magotini, na hapo hapo ndege ikaachana na ardhi kama ndama aliyekatiwa kamba. Sikuivuta. Iliondoka yenyewe. Nikapita juu ya kichwa chake na nywele zake zikasimama.

Huko juu siwezi kueleza mengi, nilikuwa na kazi. Maji kila upande. Ng'ombe wamekusanyika juu ya vilima vidogo kama nzi kwenye mkate. Kiti cha kulia hakikuniuliza kitu. Wakati wa kugeuka mara ya pili niligundua natikisa kichwa, namtikisia nani sijui, nikaacha.

Nilitua. Nilidunda mara moja. Ndogo.

Kapteni alikuja kwa miguu, polepole. Alifungua mlango wa kulia kwanza, akaangalia chini ya kiti, akaangalia nyuma ya kiti. Kisha akachukua daftari rasmi, akaandika: dakika kumi na mbili, peke yake. Akatia sahihi. Sahihi yake inafanana na ya baba yake, isipokuwa inasomeka.

"Tairi la tatu," akasema.

"Nimeliona."

"Umedunda."

"Nimesikia."

Akanishika mkono, akaushika muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa salamu. Osvaldo alikuwa anazunguka hanga na ndoo akitafuta oili. Pipa lilikuwa limekwenda na maji, na injini bado haijafika siku yake ya kubadilishwa oili. Akarudi na ndoo tupu, uso umemshuka kama aliyefiwa. Akapendekeza maji ya bwawa. Kapteni akakataa: maji si oili.

Nikarudi nyumbani na shati safi. Petrona akaniangalia. "Kwa hiyo hukuruka?"

Machi 31
Nimefagia hanga.

Aprili 6
Daktari Leigue. Sasa mstari wa chini sijauona hata mmoja. Cheti hakuna. Anasema kuna upasuaji, kuna foleni, foleni ni ndefu, nami nimemwambia nina muda. Akacheka! Kumbe meno anayo.

Aprili 12
Ukungu wa kushoto umevuka pua. Kulia bado naona. Nimeosha ndege kwa kuipapasa, na nimekuta nati moja imelegea kwenye mlango wa kulia. Nimemwambia Kapteni. Amekaza.

Aprili 19
Msimu umekwisha na daftari unalitaka kesho, basi nimalize.

Kapteni Nirvia, jana umebadilisha oili ya injini. Nilikuwapo. Nimeona lilipo pipa jipya: kona ya nyuma, limefunikwa gunia, limejaa nusu. Wala sikudai unga, wala mayai, Petrona ana kuku watatu tu na anawahesabu. Nadai ndoo moja. Osvaldo alipata yake. Mimi niliambiwa maji si oili, na nikakubali, kwa sababu ni kweli.

Shati jeupe nalivaa kila Jumamosi ninapokuja kufagia. Petrona analifua kila Jumapili bila sababu yoyote, na linazidi kuwa jeupe. Sikuharakishi. Unaweza kunivizia, sitageuka nyuma. Ila imwage upesi kidogo, mwanangu, nikiwa bado naona ni nani aliyeimwaga.